Nenda Baringo upumzike, lakini usirudi na malaria

Mama mmoja wa umri wa miaka 46, karani katika afisi moja hapa Nakuru, alikuja kwangu akitaka tembe za usingizi. Presha yake siku hiyo ilikuwa 160 juu na 100 chini, ilhali dawa alikuwa akimeza kila asubuhi bila kukosa. Nilimwuliza hulala saa ngapi. Saa tano za usiku, akasema, na saa kumi na nusu alfajiri yuko jikoni akiwatayarishia watoto chai. Jumamosi ni soko na kufua. Jumapili ni kanisa, na mara nyingi matanga au harusi ya jamaa upande wa Molo au Njoro. Nilipomwuliza ni lini mara ya mwisho alipokaa chini bila kazi mkononi, alicheka. "Daktari, labda siku niliyolazwa kujifungua kitinda mimba."

Sikumpa tembe za usingizi. Nilimwongezea kidogo dawa ya presha, kisha nikampa agizo ambalo halikumpendeza: aende yeye na mumewe mahali patulivu, walale huko siku mbili, wasifanye lolote la maana. Nilimtajia Kampi ya Samaki, kijiji kidogo cha wavuvi kwenye ufuo wa Ziwa Baringo. Toka Nakuru ni kama kilomita 100 hadi Marigat kupitia Mogotio, unapovuka mstari wa ikweta, halafu kama 20 zaidi. Kwa matatu au gari lako mwenyewe ni mwendo wa saa mbili hivi. Huko hakuna la kukuharakisha. Kuna ndege wa kila rangi, wavuvi wa Kinjemps juu ya vihori vyao vyepesi vya miti, samaki wa kukaanga, na jua linalozama upesi.

Msomaji atauliza siku mbili zitamfaa nini mtu mwenye presha. Swali hilo ni la haki. Ugonjwa wa presha hauponi kwa kutazama ziwa, na yeyote akuambiaye hivyo anakudanganya. Lakini mtu mzima mwenye afya alalapo vyema, shinikizo la damu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, na moyo pamoja na mishipa hupata nafuu kwa saa kadhaa. Mtu anayelala saa tano kila usiku hupunguza muda wa nafuu hiyo, na homoni za wasiwasi hubaki juu katika damu yake. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Tatizo ni kwamba mwenye deni la usingizi kwa miaka mingi huzoea na kudhani hivyo ndivyo mwili wake ulivyo. Mpeleke mahali pasipo na kengele ya saa, nao mwili utadai wenyewe. Kwangu mimi wikendi ya namna hii ni kipimo kama vile vipimo vingine.

Ndiyo maana nasema siku mbili, si moja. Wengi hulalamika kwamba usiku wa kwanza ugenini hawakupata usingizi. Si kitanda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walieleza kuwa usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo hulala usingizi mwepesi kuliko ule mwingine, kana kwamba umeachwa kulinda mlango. Usiku wa pili hali hiyo hupungua. Anayeondoka Nakuru Jumamosi jioni na kurudi Jumapili mchana amelipia chumba ili alinde mlango! Afadhali uombe ruhusa uondoke Ijumaa adhuhuri, usiendeshe gari usiku, na usilifanye ziwa kuwa baa. Pombe humlaza mtu haraka, lakini humwamsha saa nane za usiku, akabaki anahesabu mbao za dari.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Baringo liko karibu mita 1,000. Kwa saa mbili hizo za safari umeshuka kutoka kwenye baridi, ambako malaria ni haba, hadi kwenye joto ambako mbu wa malaria anaishi vizuri, hasa baada ya mvua. Mwili wa mtu wa Nakuru haujui malaria. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Milimani au Lanet hana kinga yoyote. Na wale wenzetu wanaoniambia, "Daktari, mimi ni wa Busia, malaria nimekua nayo," nawaomba wanisikilize. Kinga inayopatikana kwa kuumwa na mbu tangu utotoni hufifia mtu akihama na kukaa miaka kadhaa bila kuumwa tena. Ukiwa umekaa Nakuru miaka kumi, huko chini wewe ni mgeni kama mzungu.

Miaka michache iliyopita niliitwa kumwona kijana mwenye duka la vipuri vya magari. Alikuwa amekaa siku mbili ufuoni na rafiki zake, wakalala kwenye hema bila neti. Walirudi wakiwa wazima kabisa. Siku ya tisa akaanza kuhisi baridi, kichwa kikauma, viungo vikalegea. Kwa kuwa Nakuru ilikuwa na baridi wiki hiyo, alidhani ni homa ya mafua. Duka la dawa lilimuuzia tembe za maumivu, na alipozidiwa wakamuuzia dawa ya homa ya matumbo. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi, naye hakuona sababu ya kusema. Nilipomfikia siku ya nne alikuwa anamwita mkewe kwa jina la dada yake, na macho yalikuwa manjano. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Alidungwa artesuneti hospitalini na alipona, lakini angeweza kufa kwa sababu ya kukosa swali moja.

Shika hesabu hii. Tangu mbu akuume hadi malaria kali ya aina yetu ikuonyeshe dalili, hupita kwa kawaida siku saba hadi kumi na nne, wakati mwingine mwezi na zaidi. Kwa hivyo homa ikupatayo siku ya pili ukiwa bado ziwani si ya mbu wa huko. Ile ya safari yako itakufuata nyumbani, ukiwa umerudi kazini na picha umeshasahau. Homa yoyote katika miezi mitatu baada ya kurudi, pimwa damu siku hiyo hiyo, na mwambie anayekupima: nilikuwa Baringo. Kipimo kikionyesha vimelea, dawa ya kwanza hapa Kenya ni ile yenye artemetha na lumefantrini, inayomezwa mara sita kwa siku tatu pamoja na chakula. Zimalize zote hata kama homa imetoka siku ya kwanza. Klorokwini mliyokuwa mkihifadhi kabatini itupeni. Vimelea viliishinda zamani.

Kujikinga si kazi ngumu. Lala ndani ya neti iliyotiwa dawa, na uikague kabla giza halijaingia, kwa maana neti za nyumba za wageni huwa na matundu. Kuanzia magharibi vaa mikono mirefu na suruali ndefu na ujipake dawa ya kufukuza mbu. Wako wanaohitaji pia tembe za kuzuia, ambazo nyingine huanzwa kabla ya safari na kuendelea wiki nne baada ya kurudi, na hizo zataka ushauri wa daktari kwa sababu hazimfai kila mtu. Mja mzito, hasa anayeishi Nakuru, namshauri aahirishe safari hiyo mpaka ajifungue. Nyahururu yupo karibu, kuna baridi, na maporomoko ya Thomson ni mazuri vile vile.

Joto nalo lina mambo yake. Marigat hufika digrii 35 bila shida. Anayemeza tembe za presha za kukojoza anaweza kupata kizunguzungu akisimama ghafla. Anywe maji ya kutosha, aketi kivulini saa za mchana, wala asiache dawa kwa sababu "niko likizo". Nimewaona wa namna hiyo wengi. Mwenye kisukari asiache insulini ndani ya gari. Iwekwe ndani ya chungu chenye unyevu, penye kivuli, kama chumba hakina friji.

Ukipita Ziwa Bogoria ukaone chemchemi za moto, shika watoto mkono. Baadhi zilifunikwa na maji ziwa lilipopanda katika miaka ya karibuni, lakini zilizobaki huchemsha yai, na ukingo wake huweza kubomoka. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia. Ufuoni Baringo usitembee jioni, kwani viboko hutoka majini kula nyasi, na mamba hawana ratiba. Usiku vaa viatu na ubebe tochi, maana nyoka wapo. Uliza pia hali ya usalama kabla ya kuondoka. Asali ya Baringo nunua, ni nzuri, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe.

Yule mama alikwenda. Usiku wa kwanza, aliniambia, alisikiza viboko hadi usiku wa manane. Usiku wa pili alilala saa kumi mfululizo, na mumewe akamwamsha akidhani ana jambo. Tangu hapo amehamisha kufua kwake hadi Jumatano jioni, watoto wakubwa wanajipikia chai, na juma lililopita presha yake ilikuwa 138 juu na 88 chini. Za usingizi hakuziomba tena. Nilimwuliza kuhusu neti. Akasema ilikuwa na matundu mawili, akayashona kwa uzi aliokuwa akifumia sweta.

Leo ni siku yake ya kumi na tatu tangu arudi. Nimemwambia akihisi baridi tu, asipitie duka la dawa, aje moja kwa moja.