Shela, Kisutu na Mkaja: Maneno ya Vazi la Harusi

Kumchagulia bibi harusi nguo ni kazi ya akina mama, makungwi na mafundi cherehani, na huenda msomaji akashangaa kuliona jambo hilo katika kurasa za jarida la lugha. Sababu yangu ni hii. Maneno yatumiwayo katika kazi hiyo yamegeuka maana upesi sana, wala hayakugeuka sawasawa kila mahali. Mtunga kamusi asiyelijua badiliko hilo ataandika nusu ya maana. Na mkalimani anayesomewa barua ya posa mbele ya hakimu aweza kukosea jambo litakalowagharimu watu mali yao.

Neno lenyewe la harusi, au arusi, lina asili ya Kiarabu. Katika Kiarabu yapo maneno mawili yaliyo karibu: ‘urs, yaani sherehe ya ndoa, na ‘arus, yaani mwanamke anayeolewa. Kiswahili kimebaki na neno moja kwa ajili ya sherehe, na ndiyo maana hatuna budi kutanguliza bibi au bwana tunapotaka kumtaja mtu.

Sasa tulitazame shela. Katika kamusi za zamani, ile ya Johnson ya mwaka 1939 miongoni mwake, shela ni kitambaa cha mwanamke cha kujifunikia kichwa na uso, yaani utaji. (Msomaji asilichanganye na Shela, mji ulio kisiwani Lamu.) Lakini leo msichana wa Dar es Salaam au Morogoro akisema, “Shela langu halijaisha kushonwa,” hasemi habari za utaji. Anasema habari za gauni zima, jeupe, refu, pengine lenye mkia wa kuburuza. Badiliko hili si gumu kulieleza. Katika harusi za kanisani gauni lilikuwa gauni tu, nguo iliyojulikana hata siku nyingine. Kilichomtenga bibi harusi na wanawake wengine waliohudhuria kilikuwa kile kitambaa cha kichwani. Basi sehemu ikalipa vazi zima jina lake. Na neno lilipokwisha kuhama hivyo, utaji ulibaki bila jina, watu wakalazimika kuukopea jingine katika Kiingereza, wakauita veli. Hivyo si ajabu leo kusikia mtu akiuliza bei ya kukodi “shela pamoja na veli yake,” maneno ambayo mzee wa mwaka 1939 angeyaona kuwa ni kurudia jambo moja mara mbili.

Jambo la namna hii limetokea pia Kenya kwa neno jingine. Rinda kwa asili ni mkunjo wa nguo, na bado tunasema sketi ya marinda; lakini kwa Wakenya wengi rinda ni gauni lenyewe, na nguo ya bibi harusi ni rinda la harusi. Mswahili wa Bara akipeleka agizo la shela kwa fundi wa mahali ambapo neno hilo bado lina maana ya utaji, na fundi akamtendea kama alivyosema, nani atalaumiwa? Mimi naona lawama ni ya kamusi isiyotaja mahali pa kila maana.

Na huo weupe wenyewe si wa kale kama wengi wanavyodhani. Huko Ulaya bibi harusi alizoea kuvaa nguo yake iliyo bora kupita zote, ya rangi yoyote ile. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwezi wa Februari mwaka 1840 alivaa hariri nyeupe, na mfano wake ulieneza desturi ambayo baadaye ilifika kwetu pamoja na misheni. Katika pwani ya Waislamu nguo nyeupe ilikuwa na kazi nyingine zilizojulikana: kanzu ya mwanamume, ihramu ya haji, na sanda. Kwa hiyo bibi kizee anayesita kidogo aonapo mjukuu wake amepimwa nguo nyeupe tupu hasemi upuuzi. Anaisoma nguo kwa kamusi yake.

Nguo ambayo yeye angeichagua ni kisutu. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa vijana wengi wa mijini hulijua jina hili kuwa ni la soko na mahakama ya Dar es Salaam tu. Kisutu ni kanga ya rangi tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nayo kwa muda mrefu imekuwa kanga ya bibi harusi katika Unguja, Mombasa na miji mingine ya pwani. Hununuliwa kwa doti, yaani vipande viwili, kama kanga zote, nayo ina pindo lake na mji wake. Kanga nyingine huchaguliwa kwanza kwa jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, kwa sababu mwenye kuivaa anamwambia mtu neno, na mara nyingi mtu huyo hujijua. Kisutu huchaguliwa kwa kuwa ni kisutu. Haina haja ya kusema kitu. Bibi harusi anaposingwa kwa singo na kufungwa kisutu, kila aingiaye chumbani amekwisha kuelewa.

Mwanafunzi wa sarufi ataona jambo moja la kupendeza katika rangi hizo. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli moja kwa moja: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote twazitaja kwa majina ya vitu, kama vile kijani kutokana na jani na kahawia kutokana na kahawa, au kwa maneno ya kukopa kama buluu. Rangi za kisutu ni zile zile tatu za sarufi. Sithubutu kudai kwamba aliyekibuni aliifikiria sarufi, lakini nimekuta kwamba mfano huu huwakaa wanafunzi kichwani kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Yafaa pia kuviangalia vitenzi, maana ndivyo vinavyoonyesha ni nani mwenye kuchagua. Katika masimulizi ya harusi za pwani bibi harusi ni nadra kuwa mtendaji: husingwa, hupakwa hina, hupambwa, huvikwa, hutolewa. Wenye kutenda ni somo, kungwi na wapambe, na jina hili la mwisho limetokana na kitenzi kile kile cha kupamba. Hata kitenzi cha kuchagua kilitaka kauli ya kutendea: mama alimchagulia bintiye nguo, binti akachaguliwa. Leo twasikia “nimejichagulia shela.” Kiambishi -ji- kimeingia mahali ambapo zamani palikaa watu wengine, na katika nyumba nyingi ugomvi wa vazi la harusi, ukiuchunguza, ni ugomvi juu ya kiambishi hicho. Mama analia kwamba hakuulizwa; binti hafahamu kwa nini aulizwe.

Lakini nguo za harusi si za bibi harusi peke yake, na hapa ndipo penye hatari niliyoitaja mwanzo. Mkaja kwa asili ni nguo ambayo mwanamke hujifunga tumboni baada ya kuzaa. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kilemba ni kitambaa cha kichwani cha mwanamume. Yote matatu ni majina ya zawadi za desturi zitolewazo na upande wa mwanamume: mkaja na ubeleko kwa mama aliyemzaa na kumbeba huyo binti, kilemba kwa wazee wake wa kiume. Siku hizi zawadi hizo aghalabu hutolewa kwa fedha, lakini barua za posa za Tanzania bado huandika “mkaja wa mama.” Mkalimani akifasiri neno hilo kuwa ni kitambaa cha kufungia tumbo, hakimu ataona ni kitu cha thamani ndogo kisichostahili kudaiwa, akifasiri kuwa ni fedha tu, atakuwa ameufuta uchungu wa uzazi ambao ndio hasa unaoheshimiwa. Tafsiri ipasayo itataja yote mawili, ijapokuwa itakuwa ndefu.

Katika kamusi, basi, ningependa shela ipewe maana mbili zenye nambari, utaji wa zamani na gauni la sasa, na kila moja itajiwe mahali pake. Kisutu kielezwe kwa rangi zake tatu na kwa kazi yake, si kwa maneno “aina ya kanga” pekee. Na mkaja uelezwe kwanza kuwa nguo, kisha kuwa haki ya mama. Maelezo hayo yakusanywe kwa makungwi na mafundi cherehani wangali hai, kwa sababu sehemu kubwa ya msamiati huu haijapata kuandikwa popote ila katika madaftari yao ya vipimo na hesabu.