Nkula si damu

Mama, muti wa nkula unaujua. Hata kama hujauona umesimama porini, umeona unga wake mwekundu kwenye mwili wa mama aliyetoka kuzaa, au kwa paji la uso wa mutoto muchanga. Leo tunataka kuongea na wewe juu ya unga ule, kwa sababu unaweza kuwa pambo zuri, na unaweza pia kuua mutoto. Yote inategemea mahali unapoutia.

Ukikata gamba la muti huu, maji mekundu yanatoka sawasawa na damu kwa kidonda. Kiini chake ni chekundu pia, ni kigumu, na muchwa haukipendi. Wenye elimu ya miti wanaita ukoo wote Pterocarpus. Ndugu zake ni wengi: yule wa mwitu mukubwa unaoitwa padouk, wale wa pori la upande wa Katanga ambao watu wanawaita mukula, na muninga wa Tanzania ambao mafundi wanatengenezea vitanda na milango. Katika miaka ya 2010 malori mengi sana yalibeba mukula wa Katanga na wa Zambia ili uuzwe China, mpaka mwaka 2019 mataifa yakapatana kuchunga biashara yake. Lakini hayo ni mambo ya wenye malori. Turudi kwa unga.

Wazee wanasugua kipande cha kiini juu ya jiwe na maji kidogo, ao wanakitwanga, halafu wanachanganya na mawese. (Anayetwanga ajifunge kitambaa puani, kwani vumbi lake linakohoza na kuwasha.) Ni kazi ya zamani katika Congo nzima. Kwa Waekonda, karibu na ziwa Mai-Ndombe, mama aliyezaa mara ya kwanza anaitwa walé. Anapakwa wekundu huu mwili muzima, anakaa kwao, anakula vizuri, kazi nzito hafanyi. Sisi hatuoni ubaya hapo. Mama kupumzika na kula ni dawa ya kweli. Wandembu wa Zambia nao walitumia muti wa mukula kwa wanawake wenye shida ya damu ya mwezi. Kwa nini muti huu na si mwingine? Kwa sababu maji yake yanafanana na damu.

Hapo ndipo matata yanaanzia. Kufanana na damu si kuwa damu.

Mutoto akipungukiwa damu, pengine kwa malaria, pengine kwa minyoo ao chakula kibaya, wengine wanachemsha gamba jekundu na kumunywesha. Wanasema: nyekundu inaleta nyekundu. Mama, ndani ya maji yale kuna kitu kinachokaza ulimi, kama chai kali ao ndizi mbichi. Kitu hicho kinashika chuma cha chakula tumboni, na bila chuma mwili hautengenezi damu. Basi unatafuta damu, na unazuia damu. Tena siku zinapita. Mutoto mwenye malaria kali anaweza kufa kwa siku moja ao mbili, na sufuria ingali motoni. Angalia kiganja chake, ukilinganishe na kiganja chako. Kikiwa cheupe, mulete kituoni siku ileile, hata kama ni usiku. Akisha kupona, mupe ndagala, maini, maharagi, sombe na lengalenga.

Na sasa kitovu. Sikiliza vizuri.

Mutoto akizaliwa, kitovu kilichokatwa ni kidonda wazi, ni mulango wa kuingia mwilini. Kuna watu wanaotia humo unga wa nkula ili kikauke upesi. Wengine wanatia majivu, mavi ya ngombe, udongo wa nyumba ya mududu. Mududu wa tetanosi (wengine wanasema pepopunda) anaishi katika udongo, vumbi na mavi ya wanyama. Hatumuoni kwa macho. Jiwe la kusagia linakaa chini, mikono inashika chini, kuku wanapita. Unga ukiingia kwa kitovu, mududu anaingia pamoja nao, na sumu yake inakwenda kwa mishipa.

Mutoto huyu alinyonya vizuri siku za kwanza. Halafu, mara nyingi karibu na siku ya 7, kinywa kinakaza, hawezi kushika ziwa. Anakunja ngumi, mugongo unapindika kama upinde, na ukimugusa ao ukifunga mulango kwa kishindo, anakazika tena. Watu wanasema ni ndege amepita juu ya nyumba, wanamupeleka kwa mufumu. Ndege hana kosa. Bila matibabu, karibu wote wanakufa, na hata hospitalini tunapoteza wengi.

Lakini ugonjwa huu tunaweza kuuzuia. Mwaka 2019 ilithibitishwa kwamba katika nchi yetu tetanosi ya watoto wachanga imepunguka chini ya mutoto 1 kwa watoto 1,000 wanaozaliwa. Mududu mwenyewe angali katika udongo, na hatatoka humo. Kilichobadilika ni sindano za wamama. Mwenye mimba ya kwanza apate 2, zikiachana juma 4, na ya pili ipite juma 2 mbele ya kuzaa. Ya tatu ni kisha miezi 6, ya nne kisha mwaka, ya tano kisha mwaka tena. Kitovu kikatwe na wembe mupya, kifungwe na uzi safi, kiachwe kikauke chenyewe. Usitie kitu, isipokuwa dawa uliyopewa na muzalisha. Kinaanguka mara nyingi kati ya siku 5 na 15. Kikitoa usaha ao harufu, ao ngozi pembeni ikiwa nyekundu, njoo.

Tunajua si wewe peke yako unayeamua. Mama mukwe yuko pale na nyungu yake, naye alilea wengi. Usimukatalie kwa kiburi. Mwambie: "Mama, unipake mimi, miguu na mikono. Mutoto tumwache mpaka kitovu chake kipone." Wengi wanakubali, maana heshima ya nkula imebaki.

Jambo lingine dogo: siku ya kupima watoto, umwoshe kwanza mutoto aliyepakwa. Chini ya wekundu ule muuguzi haoni kama ngozi ni nyeupe kwa kukosa damu ao ya manjano.

Na kama unga umekwisha kuingia kwa kitovu, usifiche, usingoje siku ya 7. Mulete leo, pamoja na karti yako ya sindano, na useme kilichotiwa na siku kilipotiwa. Muuguzi atasafisha kitovu, ataangalia karti, na kama sindano zako hazikutimia ataona mutoto akingwe namna gani.