Paka Mwenye Kansa ya Damu: Jinsi ya Kumtunza

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya paka. Huenda ukashangaa na kusema, "Huyu ni mganga wa zahanati. Kazi yake ni kutibu watu. Paka wanamhusu nini?" Ni kweli, mwenye kazi ya kutibu wanyama ni bwana mifugo. Lakini paka analala ndani ya nyumba zetu. Watoto wetu wanambeba. Usiku sisi tumelala, yeye yuko macho analinda mahindi yetu. Akiugua, jambo hilo linatuhusu.

Panya akiingia ghalani anakula nafaka, anatoboa magunia, na anakojolea chakula kinachobaki. Tena panya huleta magonjwa. Viroboto wake wanaweza kuleta tauni. Watu wa Wilaya ya Lushoto wanaujua ugonjwa huo. Ulizuka kwao mwaka 1980 na ukawarudia mara nyingi katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo paka mzima ni msaidizi wa mkulima. Basi tujifunze ugonjwa mmoja unaowaua paka wengi duniani, yaani kansa ya damu ya paka.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ugonjwa huu unaletwa na kirusi. Kirusi ni kijidudu kidogo sana, hakionekani kwa macho. Kirusi hiki kiligunduliwa mwaka 1964 huko Glasgow, katika nchi ya Skotlandi. Aliyekigundua ni mganga wa wanyama aliyeitwa William Jarrett, pamoja na wenzake. Baadaye ilionekana kuwa kirusi hiki kipo katika nchi nyingi duniani.

Kirusi kikiingia mwilini mwa paka, kinaweza kufika kwenye uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa. Huko ndiko damu inakotengenezwa. Kirusi kikikaa huko kinaleta madhara matatu:

1. Damu inapungua. Paka anakosa nguvu.
2. Kinga ya mwili inavunjika. Kidonda kidogo au mafua madogo yanakuwa ugonjwa mkubwa.
3. Paka wengine wanapata kansa ya damu au ya tezi. Hapo ndipo jina la ugonjwa lilipotoka.

Si kila paka anayepata kirusi hiki hufa. Paka wengine miili yao inakishinda. Wengine kirusi kinajificha ndani yao bila kuwadhuru kwa muda mrefu. Lakini wale ambao kirusi kinaendelea kukua katika damu yao, wengi hufa katika muda wa miaka miwili au mitatu. Wanaoshikwa kwa urahisi zaidi ni paka wachanga.

JE, UGONJWA HUU UNAMPATA MTU?

Haumpati mtu. Haumpati mbwa, mbuzi wala kuku wa nyumbani. Kirusi hiki ni cha paka na wanyama wa jamii ya paka.

Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu wengine husema, "Paka huyu ana UKIMWI, atawaambukiza watoto." Hiyo si kweli. Kirusi hiki na kirusi cha UKIMWI ni wa ukoo mmoja mkubwa, lakini ni viwili tofauti. Cha paka hakimwambukizi mtu, na cha mtu hakimwambukizi paka. Usimpige wala kumtupa paka wako kwa hofu hiyo.

UNAENEAJE?

Kirusi kinakaa hasa katika mate ya paka mgonjwa. Kimo pia katika makamasi, mkojo, kinyesi na maziwa yake. Kwa hiyo paka wanaambukizana hivi:

1. Wanapolambana manyoya kwa muda mrefu.
2. Wanapokula katika chombo kimoja siku nyingi.
3. Wanapopigana na kuumana. Shume wanaotangatanga usiku hupata ugonjwa kwa njia hii.
4. Mama huwaambukiza watoto wake tumboni, au anapowanyonyesha na kuwalamba.

Kirusi hiki hakina nguvu nje ya mwili. Pakavu hufa baada ya saa chache tu. Sabuni ya kawaida inakiua.

DALILI ZAKE

Paka anaweza kukaa na kirusi miezi mingi, hata miaka, akionekana mzima. Baadaye dalili zinaanza. Mwangalie paka wako:

1. Anakonda kidogo kidogo, ijapokuwa chakula kipo.
2. Ufizi wake ni mweupe. Inua mdomo wake taratibu utazame. Paka mzima ana ufizi wa rangi ya waridi. Kama ufizi wake una weusi wa asili, tazama ulimi.
3. Ana vidonda mdomoni, na mdomo unanuka.
4. Homa inakuja na kuondoka.
5. Anaharisha mara kwa mara.
6. Vidonda vyake haviponi.
7. Tezi za shingoni au mapajani zimevimba.
8. Anahema kwa shida.
9. Jike anaharibu mimba, au watoto wake wanakufa wangali wachanga.

Dalili hizi si za ugonjwa huu peke yake. Minyoo mingi na viroboto wengi pia humkondesha paka na kumpunguzia damu. Kwa hiyo usimhukumu paka kwa kumtazama tu, na wala usiseme amerogwa. Mwite bwana mifugo.

Kipimo chake ni cha damu. Kipimo hiki hakipatikani kila mahali. Muulize bwana mifugo kama kinaweza kufanyika wilayani au mkoani kwako. Kikionyesha kirusi, ni vizuri kurudia baada ya mwezi mmoja au zaidi, kwa sababu paka mwingine mwili wake hukishinda kirusi. Kama huwezi kupata kipimo, usikate tamaa. Matunzo nitakayoeleza yanamfaa paka yeyote aliyedhoofika.

MATUNZO YA PAKA MGONJWA

Ndugu msomaji, ni lazima niseme ukweli. Hakuna dawa ya kuondoa kirusi hiki na kumponya paka. Lakini paka akitunzwa vizuri anaweza kuishi miezi mingi, hata miaka, akila vizuri na kucheza. Matunzo yenyewe hayahitaji fedha nyingi.

Malazi. Mpe mahali pakavu pasipo na baridi wala moshi. Boksi au kikapu chenye gunia kuukuu kinatosha. Lifue gunia na kulianika juani kila juma. Asitoke nje usiku, kwani nje anapata magonjwa mengine, naye anawaambukiza wenzake.

Chakula. Ugali mtupu haumtoshi paka. Mwili wake unahitaji nyama au samaki. Mpe dagaa waliooshwa na kuchemshwa bila chumvi. Unaweza pia kumpa samaki aliyeondolewa miiba, au matumbo ya kuku yaliyopikwa vizuri, au yai lililochemshwa. Usimpe nyama mbichi, kwani kinga yake ni dhaifu na nyama mbichi ina vijidudu. Mpe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Kikiwa cha vuguvugu harufu yake itamvutia.

Usimpe kabisa vitunguu, wala mchuzi uliotiwa vitunguu. Vitunguu huharibu damu ya paka, na huyu damu yake imekwisha pungua. Maziwa ya ng'ombe pia huwaharisha paka wengi wakubwa.

Maji. Awe na maji safi wakati wote. Yabadilishe kila siku.

Usafi. Mpanguse macho, pua na mdomo kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu. Mchane manyoya kwa kitana chenye meno ya karibu karibu ili kutoa viroboto, maana kila kiroboto ananyonya damu.

Uangalizi. Kila juma pitisha mkono mgongoni mwake. Kama mifupa inatokeza kuliko juma lililopita, anakonda. Akikaa siku moja nzima bila kula, usingojee. Paka asiyekula kwa siku kadhaa huharibika ini.

Tiba. Bwana mifugo anaweza kumpa dawa ya minyoo, dawa ya vidonda vya mdomoni, au dawa ya homa inayoletwa na vijidudu vingine. Magonjwa hayo madogo ndiyo mara nyingi yanayomuua paka huyu. Yakitibiwa mapema, anapata nafuu.

DAWA AMBAZO NI SUMU KWA PAKA

Tafadhali soma sehemu hii mara mbili.

1. Panadol. Kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinaweza kumuua paka. Mwili wa paka hauwezi kuiondoa dawa hiyo. Asipirini nayo ni hatari kwake.
2. Dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa nyingine za kuua kupe na viroboto humfanya paka atetemeke, apate degedege na afe. Usimpake wala kumwogesha kwa dawa hizo.
3. Dawa za binadamu za UKIMWI. Dawa hizo ni za mtu aliyeandikiwa. Mtu akigawana dozi yake na paka, anajidhuru mwenyewe, kwa maana dozi isiyotimia huifanya dawa ishindwe kufanya kazi.
4. Sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa. Ukitega sumu, hesabu umewatega wote wawili.

KUWAKINGA PAKA WENGINE

Kama una paka wawili au zaidi, mtenge mgonjwa. Kila mmoja awe na kifuu chake cha chakula na kifuu chake cha maji. Hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwishoni. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Usimgawie jirani watoto wa paka mgonjwa, maana kwa kufanya hivyo umempa jirani ugonjwa. Mwambie bwana mifugo awahasi paka wako. Dume aliyehasiwa hatangitangi sana wala hapigani sana. Jike aliyefungwa uzazi hawezi kuzaa watoto wagonjwa.

Ipo pia chanjo. Ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 1985. Chanjo inamkinga paka mzima tu. Haimponyi aliyekwisha pata kirusi. Mtoto wa paka huanza kuchanjwa akiwa na majuma nane, na hurudiwa baada ya majuma matatu au manne. Ulizia kwa bwana mifugo kama inapatikana kwenu.

KUWALINDA WATU WA NYUMBANI

Nimesema kirusi hiki hakimpati mtu. Hata hivyo paka mwenye kinga dhaifu anaweza kubeba vijidudu vingine. Kwa hiyo shikeni kanuni hizi:

1. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika paka na kabla ya kula.
2. Kinyesi cha paka kiondolewe kila siku na kufukiwa. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo. Katika kinyesi cha paka kinaweza kuwamo kijidudu kinachomdhuru mtoto tumboni. Mtu ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu naye asikiguse.
3. Paka akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Kanuni hii ya tatu inahusu uhai wenu. Paka pia hupata kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukikwisha mtokeza mtu dalili, haponi. Lakini akichanjwa mapema baada ya kuumwa, anaokoka. Paka mpole akigeuka ghafla kuwa mkali, akitokwa na mate, akashindwa kumeza au kutembea, msimguse. Wafungieni watoto ndani na mtoe taarifa upesi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa paka na mbwa ni kazi ya kila mwenye mnyama.

IKIWA HALI IMEKUWA MBAYA

Itafika siku paka mgonjwa hawezi tena kula, kusimama wala kuhema vizuri. Msimtie katika gunia na kumtupa porini au mtoni. Huko atateseka, na akikutana na paka wa kijiji kingine atawaambukiza. Mwiteni bwana mifugo. Anaweza kumchoma sindano akafa bila maumivu. Kisha mfukieni katika shimo refu, mbali na kisima, na mnawe mikono.

Tena msiharakishe kuleta paka mgeni huyu angali hai. Akifa, osheni vyombo kwa sabuni na kuanika matandiko juani. Baada ya hapo mnaweza kufuga paka mwingine bila hofu ya kirusi hiki.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini si kweli kwamba kansa ya damu ya paka inaweza kumwambukiza mtu?
2. Taja njia tatu ambazo paka huambukizana.
3. Jirani yako anataka kumpa paka mgonjwa Panadol. Utamwambia nini?
4. Mtoto ameumwa na paka. Utafanya nini kwanza, na nini baadaye?
5. Katika kijiji chenu paka na mbwa wangapi wamechanjwa kichaa cha mbwa? Mtafanya nini ili wote wachanjwe?