Uhaba wa Chipu Duniani na Haki za Mlaji

Mlaji anapouliza kwa nini simu, kompyuta au gari limepanda bei, mara nyingi hujibiwa kwamba "bei imepanda huko nje". Jibu hilo huweza kuwa la kweli, na pia huweza kuwa kisingizio. Makala haya yanaeleza mahali chipu zinapotengenezwa na sababu za kuadimika kwake, ili mlaji aweze kupima jibu analopewa kabla ya kulipa.

Chipu ni nini na hutoka wapi?

Chipu ni kipande kidogo cha silikoni kilichochapwa njia nyembamba mno za umeme. Ndiyo inayohesabu, kutunza kumbukumbu na kutoa amri ndani ya simu, luninga, mita ya LUKU, kadi ya benki na gari la kisasa.

Hakuna nchi inayotengeneza chipu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kampuni nyingi za Marekani hubuni michoro tu, kisha huagiza chipu zenyewe kutoka viwanda vya Asia. Kinara wa viwanda hivyo ni TSMC ya Taiwan, iliyoanzishwa na Morris Chang mwaka 1987 kwa lengo la kutengeneza chipu za kampuni nyingine. Sehemu kubwa ya chipu za kisasa kabisa hutoka katika kisiwa hicho. Soko la chipu za kumbukumbu limeshikwa hasa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Mashine zinazochapa michoro midogo kuliko yote hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi.

Siasa zinaingiaje?

Mnyororo wenye pingili chache hugeuka kuwa silaha mikononi mwa serikali. China hudai kuwa Taiwan ni sehemu yake. Kwa hiyo kila mvutano katika mlango wa bahari unaozitenganisha huwatia hofu wanunuzi wa chipu. Oktoba 2022 Marekani iliweka vikwazo vikali dhidi ya kuiuzia China chipu za hali ya juu na mashine za kuzitengenezea. Agosti 2023 China nayo ilianza kudhibiti uuzaji nje wa galiamu na jermaniamu, metali zinazohitajika katika aina fulani za chipu. Marekani, Umoja wa Ulaya na Japani zimetenga mabilioni ya fedha kwa ajili ya viwanda vipya, lakini kiwanda cha chipu huchukua miaka kadhaa kukamilika. Ruzuku ya leo haishushi bei ya kesho.

Funzo la miaka ya 2020 hadi 2022

Janga la UVIKO-19 lilipoanza, watengenezaji wa magari walifuta oda zao za chipu. Wanunuzi waliporejea, viwanda vilikwisha kuelekeza uwezo wao kwa watengenezaji wa kompyuta na bidhaa nyingine. Februari 2021 baridi kali ilisimamisha viwanda vya chipu mjini Austin, Texas. Mwezi uliofuata moto uliteketeza sehemu ya kiwanda cha Renesas nchini Japani. Nyingi ya chipu zilizoadimika zilikuwa za kawaida na za bei nafuu, lakini gari zima haliwezi kukamilika kwa kukosa moja tu.

Oktoba 2022 Toyota ilitangaza kwamba baadhi ya wateja wake nchini Japani wangepewa ufunguo mmoja wa kielektroniki na wa pili wa kawaida. Kwa kuwa magari mapya yalichelewa, bei za magari yaliyotumika zilipanda katika minada ya Japani, ambako wengi wetu hununua. Mwishoni mwa mwaka 2025 ilikuwa zamu ya chipu za kumbukumbu: vituo vya data vya akili unde vilizinunua kwa wingi, na bei zake zikapanda.

Mlaji afanye nini?

Uhaba unaweza kuhalalisha bei kubwa; hauhalalishi udanganyifu. Mlaji anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Linganisha bei katika maduka kadhaa. Kupanda kwa bei ya kumbukumbu kunaweza kuathiri simu na kompyuta. Si sababu ya kupandisha bei ya kava la simu au kioo cha kulinda skrini.

2. Hakiki simu kabla ya kulipa. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jina na toleo la simu utakaloletewa lifanane na simu uliyoishika.

3. Jihadhari na kumbukumbu ya kughushi. Kadi au flashi inaweza kuandikwa uwezo mkubwa kuliko ilio nao. Ijaribu kwa kuijaza mafaili na kuyafungua tena ungali ndani ya muda wa kurudisha bidhaa.

4. Uliza kama kifaa ni kipya, kimetumika au kimekarabatiwa, na utake jibu hilo liandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa dhamana.

5. Unaponunua gari lililotumika, uliza mapema kuhusu funguo zote. Gari la kipindi cha uhaba lenye ufunguo mmoja tu wa kielektroniki huenda lilitoka kiwandani hivyo. Hata hivyo, muuzaji anapaswa kukueleza.

6. Kama kifaa chako bado kinafanya kazi, fikiria kubadilisha betri kabla ya kununua kingine.

Tunza risiti na kadi ya dhamana. Bidhaa ikibainika kuwa na kasoro au si ile uliyoahidiwa, irudishe kwanza kwa muuzaji ukiwa na vielelezo hivyo. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwa maandishi katika mamlaka husika.