Kihisi cha Oksijeni na Ulaji wa Mafuta

Gari likianza kula mafuta wengi wetu huilaumu injini. Leo tukitazame kifaa kidogo kinachofungwa kwenye bomba la ekzosi: kihisi cha oksijeni, ambacho mafundi hukiita oksijeni sensa. Magari ya Volvo yalianza kukitumia mwaka 1976, kikitengenezwa na Bosch.

Kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kihisi hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kisha hutoa taarifa kwa umeme. Kwa aina iliyozoeleka, petroli ikizidi hutoa karibu volti 0.9, na ikipungua karibu 0.1. Kompyuta ya injini huiamini taarifa hiyo, na kwayo hupunguza au kuongeza petroli.

Hapo ndipo penye hatari. Ekzosi ikitoboka kabla ya kihisi, hewa ya nje huweza kuingia. Kihisi huona oksijeni nyingi, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Pesa ya nyumbani hupotea.

Basi taa ya injini ikiwaka, tusikimbilie kununua kihisi kipya. Fundi akague kwanza ekzosi na nyaya. Habari huthibitishwa kwanza, ndipo ifanyiwe kazi.