Kasiba Chafu ni Adui wa Shabaha, na Usafi Usio na Maarifa ni Adui wa Pili

Kitunze kikutunze, ndivyo tusemavyo, na hapana chombo kinachostahili usemi huo kuliko bunduki iliyo mkononi mwa askari. Askari anaweza kuwa na jicho kali na pumzi tulivu, lakini ikiwa kasiba yake imeliwa na kutu au imejaa masizi, jicho hilo halitamfaa kitu. Risasi haifuati nia ya mpigaji. Hufuata njia iliyopewa na kasiba. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yafaa tuelewe ni nini hasa hutokea ndani ya bomba lile la chuma kila tunapofyatua.

Ndani ya kasiba mna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka kama nyuzi za parafujo, na kati ya mifereji hiyo mna matuta. Katika bunduki ya AKM mifereji ni minne, nayo humaliza mzunguko mmoja katika kila milimita 240. Upana baina ya matuta ni milimita 7.62, hali kichwa cha risasi chenyewe kina unene wa milimita 7.92. Ndiyo kusema risasi hupita kwa nguvu, ikichongwa na matuta na kulazimishwa kuzunguka. Inapotoka mdomoni kwa mwendo wa mita 715 kwa sekunde, huwa inazunguka karibu mara 3,000 kwa sekunde. Mzunguko huo ndio unaoifanya isiyumbe hewani. Chochote kinachoharibu mifereji au mdomo wa kasiba huharibu shabaha.

Uchafu wa kasiba ni wa namna tatu. Kwanza, masizi ya baruti, ambayo hushikamana zaidi karibu na chumba cha risasi. Pili, shaba inayobanduka kutoka kwenye ganda la kichwa cha risasi na kujipaka mferejini. Tatu, chumvi itokayo katika fataki.

Wengi huyaona masizi, lakini chumvi haionekani, nayo ndiyo mharibifu mkubwa. Fataki za zamani, na za risasi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki za AK, zina klorati ya potasiamu. Ikiwaka huacha chumvi inayofanana sana na ile ya mezani, nayo huvuta unyevu wa hewa. Mahali penye unyevu mwingi, kama pwani au kando ya maziwa yetu makuu, kutu yaweza kuanza kabla ya jua kuchomoza. Wapo wanaodhani kwamba mafuta mengi yatatosha. La! Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo huiyeyusha. Ndiyo maana askari wa Uingereza waliotumia Lee-Enfield walikuwa wakimimina maji yanayochemka ndani ya kasiba baada ya kufyatua, kisha huikausha na kuipaka mafuta. Jeshi la Marekani nalo, katika Vita Kuu ya Pili, lilitaka bunduki isafishwe kwa siku tatu mfululizo baada ya shabaha. Ni kweli kwamba kasiba ya AKM imepakwa kromu ndani, na kromu huzuia kutu. Lakini bomba la gesi halina ngao hiyo.

Kuhusu shaba, mafundi wa mizinga wa Ufaransa waligundua kwamba bati au bismuthi ikitiwa katika baruti hupunguza shaba inayoganda kasibani. Katika bunduki ndogo, shaba ikizidi, risasi hukwaruzwa bila usawa na mkusanyiko wa matundu kwenye ubao wa shabaha hutawanyika. Brashi ya chuma laini na dawa maalumu ndizo huiondoa, si kisu wala waya.

Historia imetuachia somo lililolipwa kwa damu. Bunduki ya M16 ilipopelekwa Vietnam katikati ya miaka ya 1960, baruti ya risasi zake ilikuwa imekwisha kubadilishwa kwa ile iliyoacha uchafu mwingi zaidi. Chumba chake cha risasi hakikuwa na kromu, vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, na askari wengi walikuwa wameaminishwa kwamba bunduki hiyo haihitaji kutunzwa sana. Maganda yalinasa chumbani katikati ya mapigano, na askari walilazimika kuyasukuma kwa ufito huku adui akiwafyatulia. Malalamiko yalifika hadi Bunge la Marekani, ambalo kamati yake ilitoa taarifa kali mwaka 1967. Chumba kilipakwa kromu, vifaa vya usafi vikagawiwa, na askari wakafundishwa upya. Bunduki ile ile ikaanza kuaminika.

Hata hivyo, usafi nao una mipaka yake. Kasiba nyingi zimekufa kwa ufito kuliko kwa risasi. Askari wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944, katika mvua na matope, walisafisha Lee-Enfield zao kwa kamba yenye kitambaa. Kamba ya namna hiyo ikivutwa kwa upande, hasa ikiwa imeshika mchanga, hukata mfereji mdomoni mwa kasiba kama msumeno. Mdomo ukiliwa upande mmoja, gesi hutoka bila usawa na kuisukuma risasi kando inapoiacha bunduki. Upotofu wa sehemu moja tu katika elfu huwa sentimita 10 kwenye mita 100, na sentimita 30 kwenye mita 300. Hapo askari aliyelenga katikati ya kifua atakuwa amekosa.

Jambo jingine linalosahauliwa ni mafuta. Kasiba iliyoachwa na mafuta ndani hupeleka risasi ya kwanza mahali tofauti na zile zinazofuata, tena hutoa moshi unaomfichua mpigaji. Wadunguzi hulijua hilo. Hukausha kasiba kabla ya kazi, na huchunguza risasi yao ya kwanza huangukia wapi.

Basi desturi njema ni hizi. Hakikisha kwanza bunduki haina risasi, magazini imetolewa na chumba ni kitupu. Safisha siku ile ile uliyofyatua. Ikiwa risasi ni za fataki yenye chumvi, tumia maji kwanza, kisha kausha kabisa. Pitisha ufito kutoka upande wa chumba inapowezekana. Katika AK, ambako ni lazima kuanzia mdomoni, tumia kifuniko cha kikopo cha vifaa kilichomo kitakoni, kwani kimetengenezwa kuongoza ufito usiguse mdomo. Badilisha kitambaa mpaka kitoke kikavu na cheupe. Paka mafuta membamba kwa kuhifadhi, na uyafute kabla ya kufyatua. Kagua tena kesho yake.

Kwa ndugu zetu wa polisi neno hili ni zito zaidi. Mwanajeshi hufyatua mara nyingi mahali palipo na adui peke yake. Polisi huenda akalazimika kufyatua penye mama na mtoto kando ya mhalifu. Sentimita 10 zilizopotea kwa sababu ya kutu zinaweza kuwa uhai wa mtu asiye na hatia, na hapana ripoti itakayoweza kuurudisha. Mkuu anayekagua silaha kwa kutazama mng'ao wa nje peke yake hajakagua kitu. Na aipeleke kasiba kwenye mwanga, atazame ndani, kisha amuulize askari wake lini aliisafisha na kwa njia gani.