Kuchagua na Kutunza Gari Kuukuu la Chama

Gari la chama ni mali ya mkulima aliyekatwa senti katika kila kilo ya kakao au mpunga aliyoleta ghalani. Likilala gereji msimu mzima, mwenye hasara si dereva wala katibu, bali ni mwanachama. Hata hivyo, chama kisichomudu gari jipya chaweza kunufaika na gari kuukuu, mradi lichaguliwe kwa makini na kutunzwa kwa utaratibu.

Ukuukuu peke yake si kasoro. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha, yakiwemo ya miaka mingi. Magari ya namna hiyo hudumu kwa sababu mbili: fundi wa kawaida aweza kuyafungua na kuyafunga, na wenyewe hawangoji yaharibike ndipo wayatazame.

Fedha zisitolewe kabla ya ukaguzi. Jambo la kwanza ni chasisi. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya alumini, haishiki kutu kama chuma. Lakini chasisi yake ni ya chuma, nayo huoza kutoka ndani. Rangi mpya huficha uozo huo. Fundi aingie uvunguni na kuigonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu.

Pili, injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa buluu huonyesha kwamba injini inaunguza oili. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na rejeta inayopungukiwa maji, ni dalili ya maji kuingia katika silinda. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Gari hilo liachwe.

Tatu, namba za chasisi na injini zilingane na zile za kadi ya gari. Nne, spea zipatikane Kyela, Tukuyu au Mbeya.

Kwa vyama vya Mbugani na kando ya Ziwa Nyasa, adui mkubwa wa gari ni maji. Mvua za Machi hadi Mei hufurisha mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Gari likivuka maji yaliyofika kwenye ekseli, oili ya difu ikaguliwe. Ikiwa imegeuka nyeupe, ibadilishwe kabla ya safari nyingine. Uvungu uoshwe matope, na sehemu zinazohitaji girisi zitiwe.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Yakiisha kunyonya, huchemka upesi breki zipatapo joto, na pedali huzama bila kushika. Hatari hiyo ni kubwa katika mteremko wa kutoka Tukuyu, penye zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hadi uwanda wa Kyela wenye mita 500 hivi. Mafuta hayo yabadilishwe kila miaka miwili, na dereva mwenye mzigo ashuke kwa gia ndogo.

Mwisho, kila gari liwe na daftari lake: kilometa, mafuta, oili, vipuri na gharama za fundi. Mwisho wa mwaka jumla yake isomwe katika mkutano mkuu. Gari linalokula kuliko linavyoleta litaonekana humo, na wanachama wenyewe wataamua kama litengenezwe au liuzwe.